Unsi Bado Unanukia kwa Mama Yako

Chechelesi,
S.L.P. 47,
Isiolo.
21 Oktoba 1984

Mpendwa ndugu yangu Jama,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Halimo na watoto, joto la Jeddah likiwa limewapungukia kidogo, na lile jino lililokusumbua likiwa limeng'olewa. Uliandika kwamba unamwogopa daktari wa meno. Mtu mzima na ndevu zako zote, aibu. Sisi huku tu wazima kiasi cha kushika kalamu, tunamshukuru Mungu.

Najua unavyosoma barua. Unaruka mistari kutafuta jina la mama yako. Basi nakuandikia hapa hapa juu: Eedo, shangazi yangu mimi na mama yako wewe, yuko hai, anakula, na anagombana na kila mtu. Lakini ameanguka tena, na safari hii alituficha. Soma polepole, na tafadhali usianze kuandika jibu kabla hujafika mwisho.

Barua hii sikuipeleka posta. Nimempa Hashi, yule kijana wa fundi cherehani wa karibu na msikiti, anayekuja huko kutafuta kazi, aitie mkononi mwako yeye mwenyewe. Mpe chakula na mahali pa kulala, kwa maana hajawahi kutoka Isiolo na anajifanya hana wasiwasi. Haraka ya nini utaiona mbele.

Kwanza nikueleze hali ya huku, ili ujue tunaishi vipi. Mvua za mwezi wa nne zilitupita kabisa. Ng'ombe wamekwisha, mizoga imejaa njia yote ya kwenda Merti, na watu wa Biliqo na kwingineko wamehamia mjini na watoto wao. Tunakula mahindi ya manjano ya msaada, ambayo hata ukiyachemsha kutwa yanabaki na ubishi wake. Hoteli yangu bado iko wazi, lakini siku hizi wateja wanaagiza chai, wanaitazama, halafu wanauliza kama naweza kuigawa vikombe viwili. Nawagawia, nifanye nini.

Unamkumbuka Mzee Ekeno, yule Mturkana aliyekuwa jeshini pamoja na marehemu baba yako, halafu akawa mlinzi wa maghala? Amefariki. Alikuwa akikaa peke yake katika kile chumba cha mabati nyuma ya maghala. Kila soko la Oldonyiro lilipofika alikuwa akienda kwa dada yake kutazama mbuzi zao, kwa hiyo mlango wake ulipofungwa kila mtu alisema mzee ameenda Oldonyiro. Mimi pia nilisema hivyo. Watu walikuja kufungua mlango ule kwa sababu ya nzi. Alikuwa amelala chini karibu na mtungi wa maji, mkono umenyooka, na mtungi hakuufikia.

Jama, tangu siku ile hofu imeniingia mwilini na haitoki. Nikiona mlango umefungwa mchana, nasimama kusikiliza. Ekeno alikuwa na majirani pande zote. Alikuwa na watu waliompenda na kumsalimia kila asubuhi. Na bado alikufa akiutafuta mtungi wa maji, sisi tukipita nje na mikokoteni yetu.

Baada ya mazishi sisi wanawake tulikaa pale kwenye bomba la maji tukahesabu wazee wanaoishi peke yao hapa mtaani. Ni wengi kuliko tulivyodhani. Vijana mko Jeddah, mko Nairobi, mko njiani na malori, na wazazi wamebaki na funguo. Tukakubaliana kwamba kila mzee awe na alama yake ya kutujulisha kwamba yu mzima, bila mtu kwenda kumgongea mlango kila saa kama askari wa chifu, maana wazee hawapendi kuchunguzwa. Mzee Mbae, yule Mmeru aliyestaafu kazi ya barabara, alama yake ni redio. Anaifungulia habari ya mchana kwa sauti mpaka kuku wanakimbia, na mtaa mzima unajua yuko.

Alama ya mama yako ilikuwa unsi, ule ubani wake. Unajua mwenyewe, tangu tukiwa wadogo, baada ya sala ya alasiri lazima aweke makaa kwenye chetezo na kutia unsi wake, ule anaoupika mwenyewe kwa sukari na marashi na hataki kumfundisha mtu. Upepo wa jioni unatoka kwake kuja kwetu, unavuka ule uwanja mtupu, na mimi nikiwa jikoni kwangu naupata. Nikiupata nasema alhamdulillahi, Eedo amesali, Eedo anaona, Eedo anasimama. Halafu naendelea na chapati zangu.

Mwanzoni nilikuwa nikiupata unsi na bado naenda kumtazama. Halafu nikawa naenda siku nikiwa na nafasi. Polepole pua ikachukua kazi ya miguu. Hata mwanamke yule anayemsaidia, Kananu, mjane wa kutoka upande wa Meru ambaye unamlipa wewe na unamjua kwa jina, nilikuwa nikikutana naye langoni kwa Eedo, ananiambia Mama Jama anasali, au Mama Jama amejilaza kidogo. Nami nasema sawa, mwache apumzike, kwa maana unsi ulikuwa umeshafika.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Asubuhi moja mwezi uliopita Kalicha alikuja hotelini kwangu. Huyu ni mama wa Kiborana anayetuuzia maziwa ya ngamia, yanayoletwa na malori kutoka Biliqo. Humwachia mama yako chombo kilichojaa na kuchukua kile kitupu cha jana, na mama yako hukifukiza kitupu kwa moshi mwenyewe kabla ya kukirudisha, maana hamwamini mtu mwingine duniani kwa kazi hiyo. Kalicha alikuwa amenuna. Akashusha vyombo vyake chini na kusema, "Deqa, kama eedo wako amechoka na maziwa yangu, aseme. Chombo kinarudi kimeoshwa kwa sabuni."

Sabuni, Jama. Mama yako! Yule aliyerudisha chombo cha harusi ya dada yangu mbele ya wageni, eti kimefukizwa kwa kuni zisizofaa! Nilicheka. Nikamwambia Kalicha labda ni sufuria amechanganya. Akasema hapana, ni siku nyingi sasa, moshi hakuna, maziwa yanamharibikia njiani na wateja wanamlaumu yeye.

Kicheko kikanikauka mdomoni. Nilisimama pale na kijiko cha chai mkononi, nikajiuliza: kama Eedo hafukizi vyombo, basi unsi ule wa kila jioni anawasha nani?

Sikufunga hoteli. Niliacha chai kwenye moto na wateja mezani, nikakimbia barabarani nikiwa na aproni, mimi mwenye watoto wanne na mwili huu. Njia nzima nilikuwa namwona Ekeno na mkono wake.

Kananu alikuwa amefunga komeo kwa ndani. Niligonga, akaniambia kupitia mlangoni kwamba Mama Jama amelala. Nikamwambia afungue au niite wanaume wavunje. Akafungua, akakaa pale pale chini, akajifunika uso na leso.

Mama yako alikuwa kwenye chumba cha nyuma, juu ya mkeka, amelalia upande mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba umefungwa kwa kitambaa cha shela yake. Midomo ilikuwa imekauka. Chetezo kilikuwa karibu naye, kisafi, kikingoja jioni. Aliponisikia hakusema nimeumia, hakusema nisaidie. Alisema, "Funga mlango, wasije wakaniona."

Nikakaa nikalia, sikuficha. Alikuwa ameanguka akitoka chooni, Jama. Macho yale yameingia ukungu zaidi, alikosa ile ngazi moja ya nyuma. Kananu alimkuta asubuhi, akamburuta mpaka ndani, akataka kuja kuniita. Mama yako akamshika mkono, akamsihi kwa jina la Mungu asimwambie mtu. Akamwelekeza mahali unsi ulipo na jinsi ya kuuweka juu ya makaa, kila siku baada ya alasiri, ili mtaa ujue kwamba yeye ni mzima. Kila kitu alikikumbuka. Vyombo vya maziwa ndivyo alivyosahau kumwelekeza, na Kananu kwao wanaosha kwa maji na sabuni, angejuaje.

Nilimtukana Kananu, nakiri. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Alinishika mkono akalia, Deqa. Mtu mzima kama mama yako akilia mbele yako, utafanya nini?" Kumbe siku zote zile hakuwa akilala kwake, watoto wake amewaachia jirani, anamgeuza Eedo na kumlisha uji kwa kijiko. Usimfukuze, tafadhali. Najua utataka kumfukuza. Mimi pia nilitaka.

Marete, muuza miraa, alituazima pikapu yake. Mama yako aliagiza tupite njia ya nyuma na alijifunika uso wote kwa shela yake ya garbasaar, eti majirani wasijue. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umejua, na sambusa zilikuwa zimeshaletwa nyumbani kwake. Hospitalini Gikunda, yule daktari mdogo mwenye miwani, alimpima kwa upole. Mfupa wa nyonga haukuvunjika, Mungu ni mkubwa. Kifundo cha mkono kimepasuka, akakitia plasta. Lakini mwilini maji yalikuwa yamekwisha, na mgongo ulikuwa umeanza kuchubuka kwa kulala. Gikunda aliniita kando akaniambia kwamba angekaa vile muda kidogo tu zaidi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Maneno hayo nayasikia hata nikikanda unga.

Unajua kwa nini alituficha? Kwa sababu yako. Usikasirike, ngoja nimalize. Ulipoandika mwaka jana baada ya anguko la kwanza, ulisema akianguka tena hakuna mjadala, ami yako, Adeer Robow, atampakia kwenye lori lake na kumpeleka Nairobi kwa wakwe zako, Eastleigh, kwenye ile nyumba ya ghorofa. Mimi ndiye niliyemsomea barua hiyo. Aliniuliza kama chai imeiva. Nilidhani amekubali. Kumbe alikuwa anajifunza kutoanguka mbele ya watu.

Na sasa neno lako linatekelezwa. Adeer Robow alikuja hotelini kwangu, akala, akafuta mikono, akasema hana la kuongeza, mtoto wa mtu ndiye mwenye amri, yeye kama mdogo wa marehemu baba yako kazi yake ni kubeba. Nilimlilia. Akasema yuko njiani kwenda Moyale, atangoja mzigo huko, na akirudi atampitia mama yako moja kwa moja. Neno la Jama likija kabla, ataliheshimu. Lisipokuja, atapakia. Unamjua Robow, si mtu mbaya, lakini ukimpa njia haangalii pembeni.

Kwa hiyo kila lori linaloshuka kutoka kaskazini sasa linanitia baridi. Nasikia injini, natoka nje kuangalia rangi ya bodi.

Nilikwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, lakini nilimkuta mama mpole, amechoka, na foleni ya watu wa njaa imemjaa mpaka uani. Akasema kweli serikali haina mtu wa kumtuma akae na mzee nyumbani, na gari lake liko kwenye mawe. Lakini akaacha kalamu akaniuliza, "Mama mwenyewe anataka nini?" Nikafungua mdomo kujibu, nikagundua sijui. Nilijua unachotaka wewe. Nilijua anachotaka Robow. Mimi nilitaka nisimkute mtu amekufa. Yeye hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza.

Basi nilienda nikamwuliza. Nilimkalisha kwenye kiti chake kile cha kamba, nikampa chai yenye iliki, nikamwambia Eedo, leo sikuja kukwambia kitu, nimekuja kusikiliza. Alishika kikombe mpaka chai ikapoa. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu aliniambia nikuandikie:

"Mwambie Jama mimi si mzigo wa lori. Wakati wa vita vya shifta walikuja kutuhamisha, watu wakakimbia, mimi nikabaki hapa nimemshika yeye mkono. Naogopa kuanguka, Deqa, usidhani siogopi. Kila nikisimama naogopa. Lakini hapa nikipapasa ukuta najua niko wapi. Naogopa zaidi kuamka mahali nisipopajua, na mlango umefungwa na watu wazuri."

Mlango umefungwa na watu wazuri. Jama, nilishindwa kumwangalia. Kwa sababu wakwe zako ni watu wazuri, hata mimi nawajua, lakini kutwa nzima wako dukani, na mtu asiyeona kwenye ghorofa ya tatu atafanyiwa nini? Watamfungia ndani, kwa usalama wake. Na hapa Kananu alimfungia, kwa heshima yake. Na Ekeno mlango wake ulifungwa na hakuna aliyeugusa, kwa adabu. Kila nikifikiri juu ya mlango naogopa.

Sikwambii akibaki hapa hataanguka. Sitaki uje unishike maneno kesho. Anaweza kuanguka wakati barua hii bado iko mfukoni mwa Hashi. Naogopa kukuomba abaki, kwa sababu likitokea la kutokea utasema ni mimi niliyeomba, na utakuwa na haki. Naogopa pia kunyamaza. Nimezunguka na hofu hizi mbili mpaka baba watoto ananiuliza kama nimerogwa.

Lakini haya ndiyo tuliyofanya, ujue hatukukaa tu. Komeo la ndani tumeling'oa, mama yako amelilalamikia wee mpaka akachoka. Ile ngazi ya nyuma fundi ameisawazisha kwa udongo na kokoto. Kutoka mlango wa chumba chake mpaka chooni tumefunga kamba kwa urefu wa kiuno, anaishika anakwenda mwenyewe, na siku ya kwanza alikwenda na kurudi mara nyingi kuliko haja, akijionyesha. Jiko na chetezo vimepandishwa juu ya meza ya mawe ili shela isishike moto. Kananu amehamia chumba cha mbele na watoto wake, na kelele zao mama yako anazitukana na kuzifurahia. Gikunda amesema atapita kumtazama akitoka kazini, maana njia yake ni hiyo hiyo.

Na lile la alama tumelibadilisha. Tulikaa tena pale kwenye bomba. Niliwaambia wenzangu kwamba unsi ulitudanganya, na redio ya Mzee Mbae inaweza kutudanganya pia, maana redio inasema hata kama mwenyewe amekufa. Wengine waliona ninazidisha. Kalicha akasema yeye kila asubuhi yuko mlangoni kwa Eedo na maziwa, kuanzia sasa chombo atampa mwenyewe mkononi, si Kananu, na asipoushika mkono wake hatoki. Asubuhi ni ya Kalicha. Jioni ni yangu. Mzee Mbae ameambiwa pia ataguswa mkono, akasema hajaguswa na wanawake wengi hivi tangu aoe.

Ninachokuomba ni kitu kimoja. Hashi akikupa barua hii, nenda posta siku hiyo hiyo umpelekee Adeer Robow telegramu. Maneno machache tu: Mama abaki kwake. Ukiona nimekosea, basi andika kinyume chake, lakini uandike wewe, baada ya kusoma maneno yake. Usiache lori liamue. Na ukipata likizo, njoo. Usitume mtu wala kitambaa, njoo mwenyewe ukae kwenye kile kiti cha kamba akupapase uso. Siku hizi anauliza kama umenenepa. Namwambia ndiyo, ingawa sijui.

Mambo mengine ni madogo. Binti yangu mkubwa anafanya mtihani wa darasa la saba mwezi ujao, mwombee. Mbuzi wako wawili waliokuwa kwa watu wa Biliqo wamekufa, usiwadai, wao wenyewe hawana kitu. Mawingu yametokea upande wa Mlima Kenya tangu juzi, lakini tumeacha kuyaamini.

Nisalimie Halimo sana, mwambie ile leso nimeipata na naivaa Ijumaa. Wasalimie watoto, na wakisahau Kiswahili utajibu wewe. Dada zangu wanakusalimu, Kalicha anakusalimu, Kananu ameniomba nikusalimie na hakuthubutu kuongeza neno. Mama yako anasema amekusamehe, na anasema pia bado hajakusamehe, kwa hiyo chagua.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe riziki ya halali, na atujalie tukutane tukiwa na macho ya kuonana.

Mimi dadako nikupendaye na nikuhofiaye,
Deqa

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua, Hashi yuko nje anangoja, nikaifungua tena. Sasa hivi unsi umefika. Umevuka uwanja kama kawaida, ule ule wa sukari na marashi. Nikaweka chini chapati nikaenda. Nimemkuta amekaa mbele ya chetezo, plasta mapajani, anapuliza makaa mwenyewe. Akageuza uso akaniuliza, "Umefuata nini? Hukusikia unsi?" Nikamwambia nimeusikia, Eedo. Nimekuja hata hivyo. Akaunyoosha ule mkono mzima nikaushika. Ulikuwa una joto. Nakuandikia nikiwa bado nanukia moshi wake.